Breki ya Mbele

Mara ya kwanza kuiangusha ile pikipiki, ilikuwa imesimama. Sikuwa kwenye kona, sikuwa kwenye tope, wala hakuna mbwa aliyekatiza mbele yangu. Nilikuwa nimeshafika. Nilishusha mguu wa kushoto kwenye uwanja wa hoteli pale Matema, mguu ukazama kwenye mchanga laini, na kile chombo, kizito kuliko magunia mawili ya mpunga, kikaanza kunilalia taratibu kama ng'ombe anayetafuta pa kulala. Nikakizuia kwa nguvu zangu zote. Hakikuzuilika.

Wapishi wawili walikuwa barazani wakitazama. Mmoja aliingia jikoni haraka, nikajua amekwenda kucheka.

Nimeendesha bodaboda Kyela kwa miaka kumi na saba. Nimebeba watu wawili na mkungu wa ndizi juu yao, msimu wa mvua, barabara za Ipyana zikiwa uji mtupu. Sisemi haya kwa kujisifu, nataka tu ieleweke kwa nini nilikasirika.

Mwenye hoteli alitaka kununua pikipiki kubwa za safari ndefu, zile zenye kioo mbele na masanduku pembeni, ili wageni wake wazunguke nazo kando ya ziwa na kupanda milimani. Alihitaji mtu wa huku wa kuwaongoza. Muuzaji alileta tatu kwa lori, kila moja ya aina yake, pamoja na mwalimu wa kuzielezea. Mimi niliambiwa nizijaribu zote kwa siku tatu, halafu niseme ipi inafaa barabara zetu. Nilipokubali nilidhani huyo mwalimu ndiye atakayejifunza kwangu.

Mwalimu alikuwa dada wa miaka kama thelathini kutoka Dar es Salaam, mfupi, kichwa chake kinanifika begani. Alikuja pale nilipoangusha wala hakucheka, na kutocheka kwake kukaniudhi zaidi.

"Pole, kaka. Usiinyanyue kwa mikono, utaumia kiuno. Ipe mgongo, chuchumaa, halafu sukuma kwa miguu ukirudi kinyumenyume."

Nikainyanyua kwa mikono. Ikainuka kidogo, ikarudi chini. Nikajaribu tena. Mara ya tatu alinisogeza kwa upole, akaipa mgongo, akachuchumaa, akarudi nyuma hatua nne fupi na pikipiki ikasimama. Akapangusa mchanga kwenye usukani, akanirudishia. Sikumwambia asante.

Siku ya pili tulichukua nyingine, fupi kidogo lakini nzito kichwani. Hii ilikuwa inaangukia kwenye kona kabla sijaamua kukata. Pikipiki yangu ndogo huwa naivuta kwa mikono tu, inakwenda. Hii niliivuta ikakataa, nikaivuta zaidi, tukaelekea mtaroni sote wawili.

"Unatazama mtaro," aliniambia akiwa amesimama kando ya barabara. "Itakwenda unakotazama. Tazama mwisho wa kona, bana tangi kwa magoti, mikono ilegee."

Nilimjibu kwamba barabara hii nilianza kupita yeye akiwa bado anaandika a, e, i, o, u. Akasema, "Sawa, kaka. Tazama mwisho wa kona."

Nikatazama mwisho wa kona, nayo ikapinda. Nilichukia jinsi ilivyopinda vizuri.

Ya tatu tuliichukua siku hiyo hiyo, nayo ndiyo niliyoipenda, ingawa mwanzoni ilikuwa inainama mbele na kuinuka kila nikikutana na shimo. Alinionyesha kitufe cha kuzungusha chini ya kiti, cha kukaza springi ya nyuma kulingana na uzito wa anayeendesha. Tukakaza kidogo, nikaijaribu, tukakaza tena. Mchana tulikwenda nayo hadi Ipinda na kurudi, na kwenye lami ilitulia chini yangu mpaka nikasahau kukasirika. Nakiri hilo. Kwa muda wa kama nusu saa nilikuwa mtu mwenye furaha.

Siku ya tatu asubuhi aliniuliza, "Kaka, mkono wako wa kulia una tatizo?"

"Hauna."

"Mbona siku mbili hizi hujagusa breki ya mbele hata mara moja?"

Nikamwambia anachokijua kila mwendesha bodaboda wa Kyela: breki ya mbele inaua. Ukiishika unaruka juu ya usukani. Kwenye pikipiki yangu mwenyewe waya wake haukuwa umefungwa, tangu nilipoinunua.

Akavua jaketi lake, akalitandaza kando ya lami mahali palipokuwa pamenyooka, akasema niende mwendo wa hamsini, na nikifika kwenye jaketi nifunge breki ya nyuma peke yake. Nikafanya. Halafu nifunge zote mbili. Nikafanya, nikihofia shingo yangu. Mara ya pili nilisimama karibu sana na jaketi hata nikadhani nilikosea mwendo.

"Hii ina kompyuta kwenye breki," nilimwambia. "Pikipiki za watu maskini hazina."

"Basi lete ya kwako."

Ya kwangu ilikuwa pale hotelini. Aliomba koleo na spana, akapiga magoti mchangani, akaufunga waya wa breki ya mbele, akaukaza, akaujaribu. Haikumchukua dakika kumi. Tukarudi pale penye jaketi, akaiendesha yeye kwanza ili nione kwamba haruki mtu juu ya usukani. Kisha akanipa. "Usiikwapue. Ibinye kama unakamua ndimu."

Kwa mwendo ule ule wa hamsini na breki ya nyuma peke yake, tairi likajifunga na kuburuzika, mkia ukicheza. Nilishuka nikahesabu kutoka kwenye jaketi: hatua thelathini na nne. Kwa breki zote mbili: hatua ishirini. Nikarudia kuhesabu, maana sikutaka iwe ishirini.

Dada yule alidhani nitafurahi. Alipoona sifurahi aliniuliza nina nini, nikamwambia jua kali.

Miaka sita kabla ya hapo nilikuwa nimempakia mama yangu, nampeleka mjini Kyela kutoka Ipyana, asubuhi na mapema, barabara kavu. Mwendo wangu ulikuwa hamsini, au chini kidogo. Mtu mmoja mwenye baiskeli yenye gunia la mpunga alitoka kwenye njia ya mashambani akaingia barabarani. Nilimwona. Nilifunga breki. Tuliburuzika mpaka tukamfikia, baiskeli ikaenda huku, mama akaenda kule. Nyonga ya mama ilivunjika. Tangu siku hiyo anatembea kwa fimbo, na kanisani wenzake wanapopiga magoti yeye hubaki ameketi.

Kesho yake nilirudi pale kuipima alama nyeusi ya tairi langu, ili niwaonyeshe watu kwamba nilijitahidi. Hatua ishirini na sita. Nimeitaja hesabu hiyo mara nyingi sana, na kila mtu aliyeisikia alitikisa kichwa akamlaumu mwenye baiskeli.

Nilimaliza kazi ya siku hiyo. Nilimwambia mwenye hoteli achukue ile ya tatu, nikampa sababu zangu, akanisikiliza, na akaniambia kazi ya kuongoza wageni ni yangu. Siku nyingine ningeimba njia nzima. Nilipanda pikipiki yangu, nikaenda moja kwa moja kwa kaka yangu.

Kaka ndiye aliyenifundisha kuendesha. Siku ya kwanza kabisa, kabla hata sijawasha, alinionyesha waya wa breki ya mbele aliokuwa ameuzungushia kipande cha mpira, akasema, "Hiki usikiguse, kimeua wengi." Nilimkuta uani kwake akigeuza kakao kwenye mkeka. Sikusubiri anikaribishe. Nilimweleza jaketi, hatua thelathini na nne, hatua ishirini, hatua ishirini na sita. Sauti yangu ilikuwa juu, shemeji akatoka nje kutazama.

Aliendelea kugeuza kakao mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo mwanamke wa Dar amekufundisha kuendesha."

"Ulinifundisha uongo, kaka, na uongo wako umemlemaza mama."

"Na mimi nilifundishwa hivyo hivyo. Unataka nimfufue aliyenifundisha?"

"Nataka uufunge waya wako leo. Unabeba watoto."

"Pikipiki yangu usiiguse." Akaegemea fimbo ya kugeuzia, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Hizo hatua zako umempelekea mama?"

Nikatazama kakao mkekani.

"Hujampelekea. Umekuja kwangu kwanza kwa sababu mimi ndiye rahisi."

Nilitamani kumpiga. Nina umri wa miaka arobaini na tatu, na nilisimama uani kwa kaka yangu nimekunja ngumi kama mtoto wa shule, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Niliondoka bila kuaga. Mpaka leo tunasalimiana kwa kichwa tu.

Mama yuko jirani, nyuma ya migomba. Nilimkuta amekaa kwenye kiti akimenya ndizi; zamani alizimenya akiwa amechuchumaa, lakini siku hizi hawezi. Nikakaa chini. Nilimweleza yote, polepole, bila kumtaja kaka, maana njiani nilishaona kwamba waya ulikuwa wangu, na miaka yote ile ningeweza kuufunga kwa koleo na spana.

Nilitegemea alie, au aseme ni mapenzi ya Mungu. Aliendelea kumenya.

"Mimi nilikuwa nyuma yako," alisema. "Unadhani sikusikia tairi linavyoburuzika? Unadhani sikuona yule mzee wa baiskeli alivyokuwa mbali?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri useme wewe. Miaka sita unaniletea samaki, unaniletea sabuni, unaezeka jiko. Neno huleti." Akakitupa kisu kwenye beseni. Mama yangu si mtu wa kutupa vitu. "Na yule mzee ulimfanyia nini?"

Hapo ndipo nilipoinamisha kichwa. Yule mwenye baiskeli, mwezi ule wa ajali, aliitwa na wazee wa kanisa akaonywa mbele ya watu kwa uzembe. Kisha alikuja hapa hapa kwa mama na kuku mkononi, akapiga magoti akaomba radhi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimwambia yaliyopita yamepita. Nilimsamehe. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote, kwamba nilimsamehe, na nikajiona mtu mwema.

"Ndaga kwa kusema," mama alisema mwishowe, asante ya kwetu, kwa sauti ile ile anayomwambia mtu aliyemletea maji. "Sasa nenda kwake. Mimi sijamaliza kukasirika, lakini mimi ni mama yako, nitakuwepo. Nenda kwake."

Nilikwenda kesho yake. Anaishi ng'ambo ya mashamba ya mpunga, na kwa kuwa njia ni nyembamba niliiacha pikipiki barabarani nikatembea. Nilimkuta akishona mkeka chini ya upenu wa nyumba yake. Amezeeka kuliko nilivyotarajia. Aliponiona alianza kuinuka kwa heshima, kama mtu mwenye deni, na nikaona jinsi miaka ile sita ilivyokaa mwilini mwake kwa sababu yangu.

"Kaa, mzee, tafadhali," nilisema. Nikabaki nimesimama, nikamwambia. Nilimwambia breki yangu ya mbele haikuwa imefungwa. Nilimwambia ningeweza kusimama kabla ya kumfikia, kwamba nimepima, kwamba alikuwa na haki ya kuingia barabarani na nafasi ilikuwa inatosha. Nilimwambia kosa lilikuwa langu, na kwamba wazee wa kanisa walimwonya bure.

Alinisikiliza mpaka mwisho, sindano yake ya kushonea imesimama hewani. Kisha akageuza kichwa, akamwita mke wake aliyekuwa akipalilia nyuma ya nyumba. Mama yule alikuja akijifuta mikono kwenye kitenge, akanitambua, akakunja uso.

"Rudia," mzee aliniambia.

"Nirudie?"

"Rudia yote. Yeye hajasikia."

Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu sasa nilijua maneno yanakokwenda. Nilipofika pale pa wazee wa kanisa, mama yule alisema, "Mwaka ule tulikaa benchi la nyuma. Mwaka mzima."

"Jumapili utarudia kanisani," alisema mzee. Hakuwa ananiuliza.

"Nitarudia."

"Haya."

Akaushika mkeka wake akaendelea kushona. Hawakunipa kiti wala maji, na katika nchi yetu hiyo si kawaida hata kwa mgeni usiyemjua. Nilisimama pale kitambo, kisha nikaaga, nikarudi kwa njia ile nyembamba katikati ya mpunga. Jumapili nilirudia, mbele ya watu wote, na kaka yangu akiwa benchi la tatu ameangalia chini.