Tarakimu Kumi na Nne

Kila anayefanya mtihani wa taifa hupewa code ya tarakimu kumi na nne. Matokeo yakitoka, unaituma kwa simu na jibu linarudi. Kule Beni wazazi wengine waliziombea code za watoto wao kanisani. Mimi ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo ya binti yetu tuliigawanya.

Ilikuwa desturi ya nyumbani, kutafuta namba inayoigawanya nyingine bila baki. Hata namba ya pikipiki haikupita mbele yetu salama. Code yake iliishia na tisa, basi mbili na tano haziigawanyi, zikatoka. Alijumlisha tarakimu zote, tatu nayo ikatoka. Akajaribu saba kwa mkono, kisha kumi na moja, kisha kumi na tatu. Kila mara kitu kilibaki.

"Papa, hii code inakatala yote," alisema.

Nilimweleza, kwa ile sauti yangu ya darasani ambayo mke wangu haipendi, kwamba huenda ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Lakini kusema "huenda" si hesabu. Lazima ujaribu namba tasa zote mpaka kufikia kipeuo chake cha pili, na hicho peke yake kina tarakimu saba. Alicheka, akasema tutamaliza akishapata diplome.

Kabla ya matokeo alikwenda na shangazi yake kuvuna maharagwe. Watu wenye silaha wakatoka msituni. Shangazi tulimzika. Binti yetu hakuonekana, wala mwili wake. Tukahamia Butembo, kwa kaka ya mke wangu.

Matokeo yalipotoka, vijana wa mtaa walimwagiana poda nyeupe kichwani, kama wafanyavyo wanaofaulu. Mke wangu aliniambia nitume code. Nikatuma. Alikuwa amefaulu, tena vizuri. Nilingoja nihisi kitu. Nilichohisi ni kwamba sombe, yale majani ya muhogo, siku ile haikuwa na chumvi.

Tangu hapo, kila jioni nagawanya. Mwalimu mwenzangu mwenye kompyuta alisema nimpe ile namba, mashine itajibu kabla chai haijapoa. Nilimjibu vibaya na sijamwomba radhi. Mashine ingesema ndiyo au hapana, na mimi sitaki kuambiwa ndiyo au hapana na yeyote.

Mke wangu hajawahi kupenda hesabu. Alikuwa akinipita tu na vyombo vyake. Juma lililopita aliketi, akauliza nimefika wapi. Nikamwonyesha. Akauliza kama zilizobaki ni nyingi. Nikamwambia kwa mkono hatutazimaliza, hata tukizeeka hapa mezani.

"Unipatie na miye zangu," alisema.

Nilimkatia karatasi, nikamwandikia zile tarakimu kumi na nne. Aliinama, akaanza na saba, ambayo binti yetu alikwisha kuijaribu. Sikumwambia.