Karatasi Niliyoibandika kwa Uji wa Muhogo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa beseni, kitambaa na onyo. Nyumba yetu ya mnada ilikuwa katikati ya Élisabethville. Wazungu waliorudi kwao walituachia vitanda, gramafoni, na hasa vyombo vya maua vya kioo, kwa kuwa kioo hakipendi safari ndefu. Patron wetu, Mbelgiji mnene mwenye sauti ya pua, alinionyesha karatasi ndogo zilizobandikwa chini ya vyombo vile.

"Hii karatasi njo jina ya kiwanda," akasema. "Usiiguse na mayi. Kama inatoka, weye unarudia kwenu Mitwaba."

Ninyi vijana mnadhani tulikuwa wafuta vumbi tu. Baada ya miaka miwili ya kuosha, patron alinipandisha kwenye meza ya ukaguzi, ingawa beseni hakuniondolea. Kazi yangu ilikuwa kutambua nani alitengeneza chombo. Unapitisha ukucha ubavuni: ukikwama kwenye mstari, kimemiminwa katika kalibu, usipokwama, fundi alikipuliza kwa kinywa. Unakigeuza utafute kovu la duara, pale kilipotenganishwa na fimbo ya chuma. Mwisho unapumulia kitako. Viwanda vingine viliandika alama yao kwa asidi, hafifu mno kwa jicho, lakini mvuke wa pumzi huionyesha kwa sekunde chache. Patron mwenyewe hakuwa na subira hiyo. Yeye alisoma karatasi.

Sasa niseme upumbavu wangu. Bomba lilikuwa upande wa pili wa ua, nami nilikuwa mvivu wa kubeba maji. Vyombo vitano, sita, nilivitumbukiza vyote katika beseni moja. Karatasi zilibanduka zikaelea. Nilizikausha, kisha nikazibandika tena kwa uji wa muhogo, kila moja pale nilipodhani ilitoka. Hakuna aliyewahi kugundua, na mimi nilijiona mjanja.

Wiki moja kabla ya mnada mkubwa alikuja Baba Kalala, mpishi kutoka Kasai. Alileta vyombo viwili vya Madame, mwajiri wake, na cha tatu kilikuwa chake mwenyewe: cha buluu, alichopewa mwaka uliopita na daktari mmoja aliyempikia zamani, rafiki wa nyumba ya Madame. Niliviandika daftarini, kila kimoja kwa jina la mwenyewe, kisha nikaviosha pamoja, na karatasi zilizobanduka nikazibandika kwa kukisia kama kawaida.

Siku ya watu kutazama mali, Madame akasimama mbele ya kile cha buluu. Akakigeuza, akaona karatasi ya kiwanda cha Ubelgiji alikonunua vyombo vyake vyote. Mwaka uliotangulia kimoja chake cha buluu kilipotea, na Kalala alimwambia labda kilivunjwa na mtumishi mwingine.

"Muongo! Hakikuvunjika," akapiga kelele. "Ulikiiba!"

"Hapana, madame," Kalala akasema, kofia mkononi. "Ile vase docteur njo alinipatiaka, siku alirudia kwao ku Mputu."

Patron akanigeukia. "Ilunga, ile siku inaingia, karatasi ilikuwa chini yake?"

Hapo nikakumbuka kwamba kile cha buluu kiliingia bila karatasi yoyote. Nilijua ilielea katika beseni langu. Ningesema, ningefukuzwa siku ile ile, na mke wangu alikuwa na mimba. Haikuhitaji hata maneno mengi. Pumzi moja tu juu ya kitako ingetosha.

"Ndiyo, patron," nikasema. "Ilikuwa."

Madame hakuita polisi. Alifanya kibaya zaidi. Kwenye kitabu cha kazi cha Kalala, ambacho bila hicho hakuna mtu mjini angemwajiri, aliandika neno mwizi. Kalala akapewa amri ya kurudi Kasai kwa treni ya Jumamosi. Wote walipoondoka nilikipumulia kile chombo. Alama ikatokea, ya kiwanda cha Bohemia. Hakikuwa na uhusiano wowote na Madame. Nikaifuta kwa kitambaa, nikakipeleka kufungwa kwa ajili yake. Niliona haya, na niliogopa zaidi ya kuona haya.

Ijumaa nilikwenda kwa Kalala nikiwa nimejiapiza kusema. Nilimkuta akifunga masufuria kwa kamba, naye akanipa kiti.

"Ndugu, haiko kosa yako," akaniambia. "Weye njo muntu wa vioo. Kama unasema karatasi ilikuwa, basi ilikuwa. Njo kusema docteur aliiba ku Madame, akanipatia mimi."

Nilikunywa maji yake, nikamtakia safari njema, nikatoka.

Miaka mingi nilibaki kwenye meza ile. Patron aliyefuata alinipa cheo cha mkaguzi mkuu, na siku ya kustaafu kwangu alinipa saa ya mkononi akanisifu kwa uaminifu. Vijana, ujuzi wangu ulikuwa mzuri kweli, na sijivunii hata chembe yake. Mtu akijua halafu akanyamaza, heri angekuwa mjinga.

Baada ya kustaafu ndipo nilipomwandikia Kalala barua, nikaeleza yote: beseni, uji wa muhogo, alama ya Bohemia. Jibu lilitoka kwa mwanawe. Aliandika kwa upole kwamba baba yake amefariki, na kwamba amesoma barua yangu mara nyingi. Alipozaliwa, aliandika, baba yake alimpa jina la yule daktari, kwa kumpenda. Alipokuwa na miaka sita baba alirudi kutoka Élisabethville, akawaita wazee, akamvua jina lile mbele yao, akisema mtoto wake hawezi kubeba jina la mwizi.

"Nimezeeka na jina lingine," aliandika mwishoni. "Sasa, Baba, mulitaka nifanye nini na lile la kwanza?"