Kaliba za Verlin Stoddard

Verlin Stoddard alikuwa dereva wa greda la kaunti, na kwa miaka ishirini niliyomjua sikuona mnyama aliyekufa vizuri mkononi mwake. Mimi ni mchinjaji wa nyama za porini hapa Wyoming. Kila msimu wananiletea elki, ayala mwenye mwili wa ng'ombe, nami nikishamchuna tu najua nani kapiga na kwa risasi gani. Wa Neva, mkewe Verlin, alikuja safi kila mwaka: tundu moja nyuma ya bega, mapafu yamekwisha, basi. Neva anapiga na bunduki ya kaliba ndogo, yaani unene wa risasi, mia mbili sabini, aliyoachiwa na babu yake. Wa Verlin, akipatikana, bega zima limevilia damu, nawatupia mbwa.

Unadhani alijifunza? Thubutu! Akikosa, kosa ni la kaliba. Akatoka mia tatu, akapanda mia tatu thelathini na nane, na bado hakutosheka. Kwenye duka la risasi alisimama saa nzima akihutubia: kichwa hiki cha risasi kinapasuka mapema, kile kigumu mno, hiki kina ncha ya plastiki, kile ni shaba tupu. Kusoma alisoma, hilo simnyimi.

"Elki ana mifupa, bwana," anasema. "Anataka kitu kizito."

Neva anachukua boksi lake moja rafuni. "Elki anataka mtu asiyefumba macho," anasema, na kwenda zake kulipa.

Na hapo ndipo penyewe. Bunduki kubwa ina teke, inakurudi begani, na jitu lile zima lilikuwa linaogopa teke. Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi.

Mwaka juzi bahati nasibu ya vibali vya kuwinda ikamwangukia. Kibali hicho alikiomba miaka kumi na tisa: dume mmoja, katika bonde la juu, kwenye madume ya pembe ndefu kuliko mikono yako. Verlin alikuwa na miaka sitini na moja. Kingine asingekipata hadi anaingia kaburini, na alilijua hilo. Basi mwenzenu akanunua nini? Mia tatu sabini na tano! Kaliba ambayo huko Afrika watu wanaulia nyati!

Tulipokwenda kulenga shabaha, nikajitolea kumpakilia bunduki, nikaweka ganda tupu. Akavuta. Tik! Mtutu ukachota ardhi, macho kayafumba, bega kalikunja hadi sikioni. Watu hoi kwa kicheko.

"Risasi mbovu hii!" akafoka.

"Risasi ipi? Hilo ganda tupu, mzee. Teke umejipiga mwenyewe."

Neva peke yake hakucheka. "Mume wangu, chukua yangu. Nakuomba."

"Siendi mlimani na bunduki ya mwanamke."

Haya, nenda. Nikapanda naye kwa sababu farasi ni wangu. Siku ya tatu dume likatoka kwenye misonobari, hatua mia mbili, limesimama ubavu. Nilimtazama Verlin, sikulitazama dume. Akafumba. Ile risasi yake ngumu ikapita tumboni, ikatokea upande wa pili kama imepita kwenye karatasi, na mnyama akaingia msituni. Tulifuata matone yenye harufu ya utumbo mchana ule na wa pili yake, mpaka theluji ikaanguka ikafunika kila kitu. Hatukumpata.

Sasa, sheria inasema kibali ni chako mpaka uwe na mnyama. Lakini huku kwetu watu wana neno lao: damu ikimwagika, hata mnyama akipotea, kibali kimeliwa. Hakuna askari wa kulisimamia neno hilo.

Asubuhi ya tano, dume lingine. Hatua themanini, linachimba majani kwa kwato. Hata kwa macho yaliyofumbwa ungempata.

"Piga," nikamnong'oneza. Hakusogea. "Piga, mjinga wewe! Nani atajua?"

Verlin akanigeukia. Wala hakukasirika. Akalaza bunduki kwenye theluji, akatoa kibali na kisu, akakata mwezi, akakata tarehe zilizochapwa pembeni, kibali kikafa palepale, vile tunavyofanya mnyama akiwa amelala miguuni petu.

"Wangu nimeshamuua," akasema. "Yuko kule anaoza."

Akakunja kile kikaratasi, akakitia mfukoni. Dume likajiendea.

Tuliposhuka, watu walikuwa wamejaa dukani, midomo tayari. "Haya, tuambie, safari hii kafanyaje?" Nikawaeleza alivyofumba macho, nikawaigizia na bega, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Verlin alikuwa mlangoni, anasikia yote. Alinitazama, akasubiri nifike kwenye lile dume la pili. Sikufika huko.