Mtoto Ambaye Hajashuka

Kufundisha habari za joto Lushoto mwezi wa saba ni kazi ya kumchosha mtu. Darasa zima limevaa masweta, wengine wameongeza makoti ya kaka zao, ukungu unaingia dirishani bila hodi, na mimi niko mbele nasema dunia inazidi kupata joto. Kidato cha tatu walinitazama kwa huruma. Mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu zote, "Madam, na sisi huku litatufikia lini?" Wakacheka. Nami nikacheka kidogo, lakini moyoni nilikereka. Mimi subira sikujaliwa. Somo likikataa kushika natembea mbele ya ubao, huku na huku, mpaka chaki inavunjika mkononi.

Jua lilipochungulia saa nne, niliwatoa nje. Jirani wa shule analima pilipili hoho kwenye banda la nailoni, lile ambalo mabwana shamba wanaliita kitalu nyumba. Alituruhusu, kwa sharti kwamba usiguswe mche hata mmoja. Tukaingia. Nikawaeleza kwamba jua linapenya kwenye nailoni na kupasha udongo, udongo nao unarudisha joto, lakini likifika juu halipati njia ya kutoka lote. Kwa dunia, nikasema, nailoni ni hewa ukaa na gesi nyingine, zinazotoka kwenye magari, viwanda na misitu inayochomwa, na tofauti ni kwamba dunia haina mlango wa kufungua. Nilijiona nimefundisha. Kugeuka, masweta yameshafungwa viunoni, wasichana wameketi wameegemea nguzo, macho yanalegea kwa raha. Wakaniomba mwalimu wa hesabu naye aje kufundishia humo humo.

Nikawauliza nyumbani kwao wameona nini kimebadilika. Mmoja akasema mwembe wa babu yake, ambao siku zote ulikuwa wa kivuli tu, msimu uliopita ulizaa. Wakashangilia. Mwingine, ambaye kwao ni Shume, akasema ile baridi ya kuunguza viazi siku hizi haiji kila mwaka. Wakashangilia tena. Ndipo msichana mmoja mkimya aliposema, "Kwetu kuna mbu."

Banda zima likaangua kicheko. Huku milimani, kusema kwenu kuna mbu ni kama kusema kwenu hawafagii. Mbu ni wa Mazinde, kule chini barabarani. Msichana akainama, akaanza kuvaa sweta lake ingawa joto lilikuwa lile lile. Nikawanyamazisha wenzake, nikamuuliza tangu lini.

"Tangu masika, madam," akasema. "Na mdogo wangu ana homa."

Wakati wa mapumziko niliiacha chai yangu mezani. Walimu wenzangu walikuwa wakizungumza habari za uhamisho, nani kapata Tanga, nani kanyimwa, nami nikakaa, nikasimama, nikakaa tena. Nilijiambia ni baridi tu, watoto wote wana mafua msimu huu. Nikavuta madaftari nisahihishe, nikasoma jibu moja mara kadhaa bila kuelewa mwanafunzi alikuwa anasema nini. Mwishowe nikaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikamtoa yule msichana darasani, tukaenda kwao.

Mama yake alikuwa jikoni, karibu na moto, amempakata mtoto. Mtoto alifungwa blanketi juu ya blanketi, na kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Midomo ilikuwa imekauka.

"Karibu mwalimu. Ni hii baridi imemwingia."

"Mmempeleka zahanati, mama?"

"Ya nini? Mtoto hajashuka."

Neno hilo nimekua nalo. Mimi nimezaliwa upande wa Bumbuli, na kwetu pia mtu akipata homa, swali la kwanza ni alishuka lini. Kama alikwenda bondeni, ni malaria, mkimbizeni. Kama hajashuka, basi si malaria, apewe uji na afunikwe vizuri. Chandarua cha kliniki nilikuwa nimekiona nje, kimefunika kitalu cha kabichi ili kuku wasidonoe miche. Hata kwetu tulifanya hivyo hivyo. Nilimtazama yule mtoto, nikaingiwa na hofu.

"Mama, sitaki kukuvunjia heshima," nikasema. "Lakini twende."

"Baba yake yuko shambani. Atauliza nani kaamua."

"Mwambie ni mimi."

Njiani nilitaka kukimbia, na yeye alitembea mwendo wa mtu aliyebeba mtoto mgongoni kwenye mteremko wenye utelezi. Mtoto hakulia. Ningefurahi kama angelia.

Kwenye zahanati, nesi naye akauliza, "Alishuka lini?"

"Hajaanza hata kutembea," mama akamjibu.

Nesi akamtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo. Nikasimama juu ya kile kipimo nikiomba mstari wa pili, ule wa malaria, usitokee. Ukatokea. Nesi hakushangaa, akasema tu kwamba ni vizuri tumewahi, akakoroga dawa mseto kwenye kijiko na kutuambia tusubiri tuone kama atatapika. Hakutapika. Baada ya muda akafumbua macho, akashika pindo la khanga ya mama yake, nami nikatoka nje haraka kwa sababu machozi yalikuwa yananijia.

Mama akanifuata, akaketi kwenye benchi pamoja na binti yake. "Mwalimu," akasema, "huyu ananiambia mambo haya unayafundisha. Sasa hao mbu watarudi Mazinde lini?"

"Hawatarudi, mama. Joto likipanda, nao wanapanda."

Akamweka mtoto vizuri mapajani. "Wazee wetu walikuwa wanalima chini, wanarudi kulala huku juu kwa kuwakimbia haohao," akasema. "Na sisi tupande wapi?"

Nikatazama juu. Kulikuwa na mashamba machache ya kabichi, kisha msitu wa serikali, kisha mawingu. Binti yake alikuwa amenikazia macho vile vile anavyonikazia darasani, akisubiri mwalimu ajibu.