Siku Nilifukuza Ng'ombe mu Oditwari

Musinicheke sana, juu hata mi mwenyewe nikikumbuka najifunikaka blanketi mpaka kichwa. Wenye walikuwa mu oditwari, ile chumba kubwa ya masomo, ile siku wanaijua. Nyinyi wengine, afazali muisikie kwangu mbele ya wao kuwaongezea chumvi.

Nilikuwa mupya mu chuo ya kilimo hapa Sake, bila kamarade hata mumoja. (Wengine walisoma pamoja tangu watoto, mi nilitoka Bihambwe, kule Masisi, na mufuko moja, vita imetutawanya na Mama.) Asistanti mwenye anatufundisha, papa mumoja mupole, akasema kazi ya pratiki tutafanya wawili-wawili, kila muntu ajitafutie mwenzake mbele ya juma kuisha. Hakuna aliniangalia. Njo siku alileta kaski, ile unavaa ku macho unaona shamba yenye haiko pale, akauliza nani ataanza, nikanyoosha mukono mbio-mbio, nikijiambia wakiona niko mujanja, labda mumoja atanikubali. Kujionesha, ah!

Nikavaa. Weee! Nikajikuta juu ya kilima, maharagi imechanua, ukungu kule chini, kichwa inajua ni mashini lakini moyo inakataa, inasema uko kwenu. Asistanti anasema, "Angalia majani, tafuta ugonjwa," na mi natafuta kweli, kumbe ng'ombe nyekundu inaingia mu shamba polepole, inainamisha kichwa. Niambieni, mutoto gani wa mukulima wa Masisi ataona ng'ombe mu maharagi na anyamaze? (Kwetu kwa hiyo watu wanafikaka mpaka kwa shefu wa kijiji kushitakiana.) Nikapiga kelele, "Mama! Mama, ng'ombe mu maharagi! Kuja na fimbo!" nikakimbia mikono juu, nikapindua kiti, nikagonga meza, nikamushika asistanti mwenyewe mu koti, namusukuma, "Toka! Toka huko!" tukaanguka sisi wawili chini.

Wakanivua kaski. Oditwari yote inacheka, wengine wamelala juu ya meza, na ku ekra kubwa pale mbele, kwenye wote walikuwa wanafuata yenye mi naona, ng'ombe iko inakula tu bila wasiwasi.

Asistanti akapanguza vumbi ku koti. "Kaka, hiyo ng'ombe haiko ya kweli."

"Najua, Papa," nikasema, na machozi ikaniponyoka. Wakacheka zaidi, wakazani ni haya tu.

Juma ikaisha, kila muntu na mwenzake, mi peke yangu. Wananiitaka Muchungaji, lakini kwa mbali, hakuna anakuja kuikala karibu. Iliniuma, sitawaficha.

Jioni nikamupigia Mama. Yeye alikimbilia Walikale, upande wa Omate, anauzishia wachimbaji wa zahabu mihogo yenye ananunua, yeye mwenye alikuwa anajilimia. Nikamuelezea yote, nilitaka angalau muntu mumoja acheke pamoja na mi. Hakucheka.

"Maharagi ilikuwa imechanua?"

"Imechanua muzuri, Mama."

"Na ng'ombe, uliifukuza?"

Niliapa ile saa: mbele ya watu sitavaa tena ile kitu, na mukono wa kwanza sitanyoosha tena, hata waulize nani anataka soda. Lakini kumuambia Mama ile shamba haiko, ilinishinda.

"Niliifukuza, Mama. Haikukula nyingi."