Ng'ombe Aliyeliwa na Mamba wa Runinga

Juzi nilikuwa Bunda, kwa kijana msanii anayechapa picha na kutengeneza michezo ya runinga ya kizamani. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri picha yake akapewa ajaribu mchezo wa kuvusha ng'ombe mtoni. Mamba akamla mmoja. Mzee akaweka chini kidude cha kubonyezea, akavua kofia.

"Anza upya, mzee, watarudi wote," kijana akamwambia.

"Hao watakuwa wengine. Mimi namtaka yule mwenye baka jeupe."

Akagoma kuondoka. Kijana alipoona foleni inarefuka, akamchapia picha ya yule ng'ombe. Mzee akaitazama sana.

"Alikuwaga mnene kuliko hapa."

Tuliokuwa kwenye foleni tukampa pole mmoja mmoja. Nami nilimpa pole, wajukuu zangu, na kicheko nikakibana mpaka stendi.