Waya wa Mutu wa Upande wa Pili

Kampuni mbili zilikuwa zinavuta waya wa intaneti mutaani kwetu Bunia: moja ya Kinshasa, ingine ya mwanaume wa hapa hapa. Ya Kinshasa ikikatika, unangoja wiki mbili. Huyu wa hapa anakuja mwenyewe na ngazi yake. Lakini alikuwa wa kabila lile lingine, na vita ilikuwa imenyamaza tu, haikuisha.

"Maneno yetu yote itapita kwake," mume wangu alisema. "Wale wa Kinshasa hawatujue siye."

Mimi nilikuwa na dada kule mji wa Fataki, na kila asubuhi nilitaka kusikia kama ameamka muzima. Nilichoka kubishana, nikamuita wa hapa.

Alifanya kazi, mume wangu amesimama nyuma yake kama askari. Hakumupa hata kiti. Jua lilipokuwa kali nilileta maji, nikanywa kidogo mbele yake, kama tunavyofanya tangu vita, ili mugeni ajue hakuna sumu. Akapokea, akamaliza, akanirudishia kikombe.

Intaneti ilipokuja, alimupigia mama yake kwa waya wetu. Akaongea kwa Kiswahili, si kwa kikwao, na kwa sauti: nyumba wanamolala sasa, njia anayopita mama akienda soko, saa ya kurudi. Mambo ambayo hakuna mutu wa kwao aliyethubutu kuyataja mbele yetu.

Nilikasirika, nikifikiri anatutega, mpaka nilipotazama kikombe mukononi mwangu. Naye alikuwa ameonja waya kwanza mbele yetu, kwa siri zake mwenyewe.

Mume wangu aliingia ndani, akatoka na kiti.